Jinsi ya kutembezwa Makumbusho ya Nairobi na mwongozaji wenu peke yenu

Tangu niwapeleke shosho, yaani bibi yangu, na shangazi yangu pale Museum Hill simu yangu haijatulia. Binamu anauliza, jirani anauliza, mama mmoja wa chama alinitumia sauti ya dakika nne kwa WhatsApp, na maswali ni yale yale tu: lazima ubuku? Mwongozaji ni wa nini na maandishi yako ukutani? Mtoto wa miaka minne ataelewa kitu? Mzee ataweza kutembea? Nimejibu hadi nimechoka, sasa naandika mara moja na ukiniuliza tena nitakutumia hii, usikasirike.

Ninachoeleza hapa si ile ziara ya shule ya mistari miwili na mwalimu anapiga kelele mbele. Ni nyinyi wanne watano, mwongozaji wenu peke yenu, saa moja na nusu hivi ama mbili, mnaona vitu vikuu vichache vya makumbusho halafu mnaenda kula. Makumbusho ya Taifa si ya picha peke yake, kuna mifupa, ndege, vinyago, nguo, historia ya nchi, vyote ndani ya nyumba moja, na ndiyo maana watu wanaingia na furaha na wanatoka wakiburuta miguu.

Kitu kingine kabla hatujaanza, tafadhali, huyu mtu mwite mwongozaji. Najua ulimi unataka lile neno la Kiingereza kwa lafudhi yetu ya nyumbani, lakini shangazi yangu alifika getini akamwambia askari kwa sauti, "Tumekuja kumtafuta gaidi wetu," na yule askari akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Ilibidi mimi nieleze.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha kila mtu mzima. Bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni wa nje si moja, na tofauti yenyewe si ya bei ya mandazi.
- Simu yenye charji na pesa ndani ya M-Pesa. Tiketi za makumbusho ya serikali siku hizi zinalipiwa kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo ukija na noti umezifunga kwa leso utaanza kutafuta mtu wa kukulipia.
- Viatu ulivyovizoea. Si vile vipya vya harusi.
- Kitu tumboni. Mtu mwenye njaa haoni sanaa, anaona saa.
- Watu wasiozidi sita. Wakifika saba yule wa mwisho hasikii, anaanza kuangalia simu, na wenzake wanamfuata.
- Karatasi yenye majina ya vitu vinane mnavyotaka kuona (hatua ya nne nitakwambia vipi).
- Kiberiti kitupu. Usicheke, kina kazi yake.

Haya, twende.

1. Chagua siku, halafu chagua saa

Makumbusho yanafunguliwa kila siku saa mbili unusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja unusu jioni. Siku za katikati ya wiki ni tulivu kuliko Jumamosi na Jumapili, lakini kumbuka shule zikiwa wazi mabasi ya manjano yanaanza kumwaga watoto asubuhi ikishapamba moto, na darasa zima likikutangulia chumbani hata mwongozaji mwenye koo la muadhini hasikiki. Kwa hivyo ama uwe pale mlango ukifunguliwa, ama uje saa nane mchana wakati watoto wamepanda mabasi kurudi. Mimi napenda asubuhi kwa sababu wazee wana nguvu asubuhi, mchana wanataka kulala na wana haki.

Usije saa kumi. Watu wanasema "si ni saa moja na nusu tu", wanasahau kwamba robo saa inaliwa na getini, robo nyingine na choo.

2. Tafuta mwongozaji mapema na umuulize maswali manne

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni waongozaji wa makumbusho wenyewe, unapiga simu siku mbili tatu kabla ama unauliza pale pale kwenye tiketi, ila ukiuliza pale pale siku ya watu wengi unaweza kuambiwa usubiri. Ya pili ni mtu wa nje anayefanya kazi na watalii, yeye anakuja na wewe kutoka mjini na anaweza kukuunganishia sehemu mbili tatu siku moja. Kama ni makumbusho tu, chukua wa ndani, yule anajua kona zote na anajua kitu gani kimehamishwa wiki iliyopita.

Maswali ni haya, na uyaulize kabla hamjaanza kutembea, si mkimaliza:

Bei ni ya kundi zima ama ya kila kichwa? Ni ya muda gani? Tiketi ya kuingia imo ama ni kando? Na je, utatuongoza kwa Kiswahili?

Hilo la tatu ndilo linaloangusha watu wengi. Tiketi inakuingiza mlangoni, haikupi mtu wa kukuongoza, na mwongozaji haingizi mtu bila tiketi. Ni pesa mbili tofauti. Na bei usiniulize mimi, zinabadilika, uliza wenyewe.

La lugha nalo lisimamie. Waongozaji wengi wamezoea kuanza kwa Kiingereza hata akiona nyuso zetu hizi, ni mazoea tu ya kazi, lakini ukimwambia mapema "tafadhali Kiswahili cha kawaida, nina shosho" utashangaa jinsi mtu anavyobadilika, hadithi zinakuwa tamu mara mbili na yeye mwenyewe anaanza kucheka.

3. Mwambie umeleta nani

Hii watu wanairuka na ndiyo faida yote ya kuwa na mtu wenu binafsi. Mwambie kwa ufupi: nina mzee wa miaka themanini hawezi ngazi nyingi, nina kijana wa sekondari anapenda mifupa, nina dada ametoka Mombasa hajawahi kuingia hapa. Jengo lina ghorofa, kwa hivyo mambo ya magoti ya mtu sema mwanzo mwanzo, atapanga njia ya kupunguza kupanda na kushuka. Pia mwambie mnachokijua tayari. Kama wote mlisoma historia hapa Kenya hamna haja ya kuanza na Vasco da Gama.

4. Chagua vitu vinane, si zaidi

Kuna mtu anasoma hapa anasema nimelipa tiketi yangu lazima nione yote. Mshika mbili moja humponyoka, sasa wewe unataka kushika kumbi zote na ndege zaidi ya 900 waliokaushwa. Mara ya kwanza mimi nilifanya hivyo, niliwakimbiza watu wangu chumba hadi chumba kama wanafukuza matatu ya mwisho, jioni nikauliza kila mmoja alipenda nini, shangazi akasema alipenda kiti. Kile cha kupumzikia.

Kwa hivyo vinane. Vyangu huwa ni Ahmed yule ndovu, vibuyu vya pale ukumbi wa mbele, ndege (tunapita, hatusimami sana), Mvulana wa Turkana (mifupa ya kale, tutamfikia), chumba cha mzunguko wa maisha chenye vitu vya jamii mbalimbali, picha za Joy Adamson, kipande kimoja cha historia ya Kenya anachochagua mwongozaji, na maonyesho yoyote ya wasanii wa sasa yaliyopo siku hiyo. Wewe weka vyako. Kama kuna mtoto badilisha historia uweke nyoka, lakini ile bustani ya nyoka iko nje na ina malipo yake kwa hivyo uliza kwenye dirisha la tiketi.

Kwa kila kimoja andika swali moja tu unalotaka kujua. Swali la kijinga ndilo zuri.

5. Fika

Kutoka mjini panda matatu yoyote ya Westlands ama Kangemi, mwambie kondakta "Museum Hill" mapema kabla hajajaza, halafu umkumbushe tena mkipita University Way kwa sababu atasahau. Ukishuka kuna mwinuko kidogo, si mkubwa, ila kwa mzee ni heri teksi imlete hadi ndani. Wa gari binafsi, Expressway ina njia ya kutokea pale pale.

Fika dakika ishirini kabla ya saa mliyokubaliana. Ukaguzi wa getini, kulipa, kungoja ujumbe uingie, mmoja ameacha kitambulisho ndani ya gari, hizo ndizo dakika ishirini zenyewe.

6. Lipa kwanza, salimianeni baadaye

Mtu mmoja alipe tiketi za wote kwa simu moja. Nimeona familia ya watu watano, kila mmoja anajilipia, kila mmoja anaingiza namba yake, mmoja hana intaneti, mwongozaji amesimama pale anatabasamu huku saa inaenda. Kama mnachanga, changeni usiku wa kuamkia.

7. Dakika tano za kwanza kaeni nje

Usiruhusu muingie mbio. Pale nje kuna sanamu ya Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ameketi, na kuna Ahmed, yule ndovu wa Marsabit, mfano wake wa ukubwa ule ule aliokuwa nao. Simama chini ya pembe zake. Watu wengi wanapiga selfi wanaondoka bila kujua kwamba huyu mnyama alikuwa na ulinzi wa serikali: mwaka wa 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya rais Ahmed asiguswe na mtu yeyote, akawekewa walinzi usiku na mchana kwa sababu ya zile pembe, akafa kifo chake mwenyewe 1974. Mifupa yake yenyewe iko ndani, kwa ukumbi wa wanyama. Shosho yangu aliposikia hivyo alisema, "Kumbe kuna ndovu alikuwa na askari na sisi mbuzi wetu waliibiwa." Mwongozaji alicheka akafuta macho, na kutoka hapo alikuwa wetu kabisa.

Hapo hapo nje ndipo mwongozaji akueleze nyumba yenyewe ilitoka wapi, dakika mbili zinatosha. Makumbusho yalianzishwa 1910 na watu wa chama cha historia ya viumbe, mahali ambapo leo kuna Nyayo House, lile ghorofa la ofisi za serikali mjini, yakahamia pale hoteli ya Serena ilipo siku hizi, halafu jengo la hapa kilimani likafunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni. Uhuru ulipokuja jina likabadilika. Mwaka wa 2005 yalifungwa kwa ukarabati mkubwa, na ile sura unayoiona sasa ni ya 2008. Mtu akianza kukutajia magavana wote, mwambie kwa upole twende ndani.

8. Tumia sheria ya dakika moja

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, usiiruke. Mkifika mbele ya kitu, mwombe mwongozaji anyamaze dakika moja. Ndiyo, mwombe. "Tafadhali tuangalie kwanza." Kila mtu anaangalia, hakuna kusoma maandishi, hakuna simu, halafu kila mmoja anasema kitu kimoja alichoona. Kisha mwongozaji anaongea.

Sababu ni rahisi. Akianza kuongea mnamwangalia yeye mdomoni, kile kitu kinakuwa nyuma ya mgongo wake, na mnatoka mmekumbuka koti lake. Lakini mkishaangalia kwanza, maelezo yanapata mahali pa kukaa.

Mfano ni Mvulana wa Turkana. Hapa ndipo unatoa kile kiberiti. Agosti 1984, kule Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mtafuta mifupa ya kale wa kikosi cha Richard Leakey, alikuwa anatembea siku ya mapumziko, wenzake wanapumzika, akaona kati ya mawe meusi kipande cha mfupa wa fuvu kidogo kama kiberiti, nacho rangi yake karibu ifanane na mawe yenyewe. Mpe mtoto kiberiti akiweke kiganjani. Mwambie hiki ndicho kilichoonekana, na kutoka hapo wakachimba hadi wakapata karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, hajabalehe bado, tayari ana urefu wa kama sentimita 160. Mpwa wangu wa darasa la tano alikishika kile kiberiti hadi tukafika nyumbani, na siku mbili baadaye nilimkuta anaangalia chini kando ya barabara ya Kangemi kwa makini sana. Chini hapo kulikuwa na vifuniko vya soda tu lakini sawa.

Muulize mwongozaji kipi hapo ni mfupa wenyewe na kipi ni nakala. Ni swali la haki kabisa na wao wanalipenda, usiogope kuonekana mshamba. Na mwambie ataje jina la Kimeu, mtoto wa Ukambani, kwa sababu ukiacha hivi hivi utasikia Leakey, Leakey, Leakey hadi kesho.

Onyo: mtu asiegemee vioo na flashi ya simu izimwe. Picha za kawaida za kumbukumbu uliza mwongozaji wapi ni sawa na wapi si sawa, atakwambia chumba kwa chumba.

9. Kwa picha za kuchorwa, sogea, rudi, sogea tena

Watu wetu wengi wakifika kwa picha za ukutani wanapita kama wanapita kwa dirisha la duka limefungwa. Jaribu hivi. Simama hatua nne nyuma, mwone aliyechorwa kutoka kichwa hadi miguu. Halafu sogea hadi mwongozaji aanze kuwa na wasiwasi kidogo, angalia kitu kimoja kidogo, sikio ama mkono ama shanga. Halafu rudi nyuma tena. Mara ya pili si picha ile ile.

Joy Adamson ndiye anafaa kuanzia. Wengi wanamjua kwa Elsa, yule simba aliyemlea, lakini mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii za Kenya na mavazi yao ya asili kwa sababu waliona yanapotea, akazunguka nchi akachora mamia ya picha, na nyingi ziko mikononi mwa makumbusho. Ukisogea utaona shanga zimechorwa moja moja. Moja moja kabisa, mtu ameketi na brashi ndogo amezihesabu.

Shangazi yangu alisimama mbele ya mwanamke mmoja mzee mwenye pete za shanga masikioni, zile hang'i, hakusema kitu muda mrefu hadi nikadhani amechoka. Kisha akashika sikio lake mwenyewe, akamwambia mwongozaji mamake alikuwa na mashimo kama hayo na akiwa mdogo alikuwa anapitisha kidole, na mamake anamfukuza. Mwongozaji kijana hakuwa na maelezo ya kupita hayo. Akanyamaza, akasema, "Endelea, mama." Kwa hivyo nikikwambia leta wazee usifikiri nasema kwa heshima tu, wakati mwingine wao ndio waongozaji na yule mwenye beji anasikiliza.

Swali zuri la chumba hiki: huyu aliyeketi akichorwa aliitwa nani? Msanii jina lake liko ukutani kwa herufi kubwa. Uliza na la mwingine.

10. Keti katikati

Mkifika kitu cha nne ketini dakika kumi. Kwa saa, si kwa hisia. Maji, choo, miguu juu. Msisubiri mtu aseme amechoka kwa sababu mzee wa Kiafrika hasemi amechoka mbele ya mgeni, atatembea hadi magoti yalie. Hapo pia ndipo mnaamua mtaacha nini kama mmechelewa. Acheni ndege. Samahani kwa wapenda ndege.

11. Wasanii wa sasa muwaweke mwisho

Kukiwa na maonyesho ya wasanii wa siku hizi, mara nyingi huwepo, maliza nayo. Baada ya mifupa na historia vichwa vimejaa, hapa hakuna tarehe za kukumbuka, kila mtu anachagua kazi moja ambayo angeweka sebuleni kwake na kusema kwa nini. Watabishana. Baadhi ya kazi zinauzwa, na kuuliza bei hakukulazimishi kununua.

12. Lipa, shukuru, toa chai

Bei mliyokubaliana mnalipa ile ile, na kama ni malipo ya makumbusho yapitie njia rasmi na mpewe risiti. Chai ya mwongozaji, chai kwa maana nzuri, ni hiari, ila kama mtu ameongea saa mbili kwa Kiswahili kitamu na amembebea shosho mkoba, wewe mwenyewe unajua. Mtu mmoja atoe kwa niaba ya wote, msipange foleni ya kumpa hamsini hamsini.

13. Kama bado mna nguvu, shukeni Nairobi Gallery

Hii si lazima na usiiweke kama kuna mtoto mdogo. Lakini ni karibu, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, lile jengo dogo la mawe la 1913 lililokuwa ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa, watu walienda hapo kuandikisha kuzaliwa, kuoana na kufa. Umbali wa barabara za nchi hii ulikuwa unapimwa kuanzia hapo. Ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyekaa kazini miezi michache tu 1966 akaondoka, na 1972 yeye na Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, jumba la sanaa za Afrika. Nguo, mapambo, vinyago, vitu vya Afrika nzima alivyovikusanya kwa mapenzi. Ni ndogo, saa moja inatosha, na kando yake kuna Nyayo House, kwa hivyo umemaliza siku pale makumbusho yenyewe yalipoanzia.

Mambo yakienda mrama

Mwongozaji anaongea kama mtu amekariri, mbio bila koma. Hii nimepata mahali fulani nje ya Nairobi, sitapataja, kijana alikuwa anasema yote bila kupumua hata ukipiga chafya. Usimkatize kwa ubaya. Muulize kitu ambacho hakiko kwenye maneno yake: "Wewe mwenyewe hapa unapenda kipi?" Kanda inakatika, mtu anatokea.

Anasema kitu unahisi si kweli. Muulize kwa upole imeandikwa wapi, ama someni pamoja maandishi ya pale. Akisema "hilo sijui, nitauliza", huyo mwamini kwa mengine yote.

Kitu mlichokuja kuona kimeondolewa ama chumba kimefungwa kwa muda. Hutokea kwa makumbusho yoyote duniani. Ndiyo maana unauliza kwa simu kabla, na ndiyo maana una vinane si kimoja.

Kundi la shule limewavamia. Msishindane. Mwambie mwongozaji mruke chumba, mtarudi. Watoto huwa hawakai mahali dakika kumi.

Mtoto ameanza kulia. Mmoja atoke naye bustanini, wengine waendelee, mtabadilishana. Msitoke wote. Na ukimwonyesha Ahmed mara ya pili mara nyingi inasaidia.

Umegundua njiani kwamba bei ilikuwa ya kila kichwa. Pole. Hapo umeshindwa, lipa, rudi usome hatua ya pili.

Mjomba mjuaji amechukua kazi ya mwongozaji. Kila familia ina mmoja. Mpe kazi: yeye ndiye wa kupiga picha, na ndiye wa kuangalia saa ili tusichelewe. Wangu alifurahia cheo hadi akawa anatufukuza, lakini angalau mwongozaji aliongea.

Mzee amekataa kuondoka mbele ya kitu kimoja. Usimvute mkono. Muulize mwongozaji nusu saa ya ziada ni pesa ngapi, mtafutie mzee kiti, na nyinyi wengine endeleeni na vile vilivyobaki halafu mrudi kumchukua.